Mariamu Anakwenda Misri

Mwanangu Mariamu,

Mambo ya sweta, ya mahali pa kuficha pasi ya kusafiria, na ya vidonge vya malaria nimemwachia mama yako. Tangu asubuhi amelikalia sanduku lako kama kuku anayeatamia, na kila nikisogea ananifukuza. Nilithubutu kumwambia kwamba huko unakokwenda nasikia malaria hakuna. Aliniangalia kama mtu aliyesema huko unakokwenda hakuna hewa. Basi vidonge vimo, na simsimu ya kusaga imo, na mimi nimekimbilia huku dukani kwenye cherehani yangu. Kwa kuwa jioni hii hakuna mteja, nimechukua karatasi nifanye kile ambacho mdomo umeshindwa tangu Jumapili. Ukiirudia ndani ya ndege usilie, mama. Abiria wenzako watadhani unaogopa kuruka.

Ujue kwanza kwamba nina furaha, usije ukadhani baba yako anaandika wosia. Nina furaha isiyo na breki. Jana nilimshonea mwalimu mmoja wa Nabuyonga suruali yenye miguu miwili ya kulia, na alipokuja kuijaribu nilicheka kabla yake. Binti wa fundi cherehani wa Namakwekwe, mjukuu wa koplo, anakwenda kusomea kilimo cha umwagiliaji! Tena anakwenda kukisomea Misri, nchi ambayo baba yake amewaamuru watu waikimbie kila mwaka, kwa sauti kubwa na fimbo mkononi.

Hilo la fimbo ndilo linalonifanya niandike. Umeniona nikichelewa kukubariki. Umeniona wiki nzima nikila chakula chako bila kukutazama usoni. Mtoto akisafiri na swali kama hilo moyoni atalijibu mwenyewe huko mbali, na atalijibu vibaya. Kwa hiyo nakusimulia jambo lenyewe tangu mwanzo, hata yale uliyoyaona kwa macho yako, maana uliyaona ukiwa mdogo.

Umekulia ndani ya Kuvuka, kwa hiyo huoni ajabu yake. Lakini makanisa mengine ya Mbale hayana kitu kama hicho. Ni sisi tu, kanisa letu dogo la mabati, ambao kila Jumatatu ya Pasaka tunatoka Misri. Kitambaa cha bluu nilikishona mwenyewe, kirefu kutoka mlangoni hadi karibu na madhabahu, nikakipasua katikati. Wazee wanashika pembe zake, wanakiinua, na bahari inagawanyika. Upande wa mlango ni Misri, upande wa madhabahu ni Kanaani. Kila mtu anakuja na kitu kilichomtia utumwani mwaka huo: huyu pakiti ya pombe ya waragi, huyu karata, huyu picha ya mwanamume aliyemdanganya. Anakitupa miguuni pa Farao, anavuka kati ya kuta za kitambaa, na upande wa pili anapokelewa kwa vigelegele. Farao mwenyewe hukaa kwenye kiti karibu na mlango, amenuna, na watoto wanamtupia maganda ya karanga wakipiga kelele, "Falao, tuache! Falao, tuache!"

Musa nilikuwa mimi, kila mwaka. Sikumbuki kupigiwa kura.

Nawe ulipozaliwa nilikupa jina la dada yake Musa, yule aliyepiga tari ng'ambo ya bahari baada ya kutoka. Unaona jinsi mambo hayo yalivyokuwa yamenikaa kichwani. Hata mtoto wangu wa kwanza nilimzaa kwa upande wa Kanaani.

Sasa nikwambie habari ya kanzu. Mwaka tulioanza, Farao hakuwa na vazi. Haji Ramadhani, jirani yetu, alikuwa ameniletea kanzu yake nzuri nitengeneze kola. Unamjua Haji: Mnubi wa hapahapa, ambaye babu yake alikuja akiwa askari kutoka Sudani akazikwa hapa. Na mafundi unatujua pia. Nguo ya mteja ikilala dukani huwa inakumbuka matembezi. Nikaona kanzu nyeupe, ndefu, imetulia kwenye msumari, nikasema si itarudi tu kesho? Farao akaivaa. Akapendeza kweli. Akatupiwa maganda mpaka basi.

Haji alipokuja kuchukua nguo yake alitia mkono mfukoni, akautoa umejaa maganda ya karanga.

"Fundi," akasema, "hii kanzu yangu ilienda kwa harusi ya nani? Imekula karanga, na mimi hata hawakuniita."

"Ah, Haji, ni hawa watoto tu."

Ndipo wewe, mtoto wa kimo cha stuli, ulipotokea nyuma ya pazia, ukamtazama yeye, ukaitazama kanzu, ukapiga yowe: "Baba! Falao amekuja kuchukua nguo yake!"

Sijui kama unalikumbuka. Mimi nalikumbuka kila nikishika kola. Haji aliketi kwenye benchi la wateja. Alicheka, maana ni mtu wa kucheka, lakini macho yake hayakucheka.

"Kwa hivyo Farao ni mimi," akasema.

"Hapana, Haji. Ni igizo la kanisa."

"Igizo na kanzu yangu." Akakung'uta maganda taratibu, moja moja, kwenye sakafu yangu. "Babu yangu walileta hapa na bunduki ya Mzungu kwa mgongo. Hiyo Misri ya Farao hajaona hata siku moja. Lakini sawa, fundi. Kola umeshona vizuri."

Akaondoka. Na kesho yake, Mariamu, akaniletea suruali nipunguze, kama kawaida. Ningependa angenitukana.

Nilijiona nimetubu. Nilinunua kitambaa chekundu cha pazia, nikamshonea Farao joho lake mwenyewe lenye taraza ya dhahabu ya karatasi, na Pasaka iliyofuata kanzu ya mtu haikuguswa. Nikapita mtaani nikimsalimia Haji kwa sauti, mtu mwenye dhamiri safi. Nilibadilisha nguo tu. Misri niliiacha palepale mlangoni, na maganda yaliendelea kurushwa upande ule ule, na kutoka barazani kwake Haji alisikia kila kitu.

Kinachoniuma ni kwamba mimi nilikuwa mtu wa mwisho kuruhusiwa kukosea hivyo.

Nimekwambia kidogo kuhusu Jinja, kuhusu kambi ya jeshi nilikozaliwa. Sikukwambia yote. Pale kambini kulikuwa na watoto wa kila kabila la nchi hii, na hakuna aliyejua Kimasaba chake wala Kisoga chake wala Kiacholi chake. Tulijua Kiswahili. Tulicheza kwacho, tulipigwa kwacho, tuliombea chakula kwacho. Ndiyo maana nyumba yetu inakisema mpaka leo, na ndiyo maana watu wa hapa Namakwekwe wakitusikia wanatuita "maafande" kwa utani. Siku hizi ni utani.

Serikali ya wanajeshi ilipoanguka nilikuwa darasa la tatu. Babu yako hakurudi kambini. Bibi yako alimfunga mdogo wangu mgongoni, akanishika mkono, tukaanza safari ya kuja huku Mbale kwa watu wake, pengine juu ya lori, pengine kwa miguu. Alinionya nisifungue mdomo. Yeye alikuwa na lugha zake za kijijini, mimi sikuwa nayo hata moja. Mahali fulani njiani, jua kali, mdogo wangu analia, bibi yako aliomba maji kwenye nyumba moja. Mama wa nyumba akatoka na kikombe cha bati kimejaa, akaninyoshea mimi kwanza kwa kuwa nilikuwa karibu. Na mimi, mtoto mwenye adabu, nikasema, "Asante, mama."

Kwa Kiswahili. Kikombe kilirudi nyuma. Sikumwaga hata tone, sikukigusa. Nilikiona tu kikirudi ndani na mlango ukifungwa.

Yule mama hakuwa mbaya. Nimekuja kuelewa hivyo nikiwa mtu mzima. Askari waliosema Kiswahili kama mimi walikuwa wamemfanyia mambo, sijui yapi, na alipolisikia neno langu aliwasikia wao. Lakini kiu nilikuwa nayo mimi. Toka siku hiyo najua jinsi inavyokuwa mtoto kutwishwa serikali nzima kichwani.

Na bado nilikua, nikaokoka, nikawa mwalimu wa Shule ya Jumapili, na kazi niliyoipenda kuliko zote ikawa kupanga mataifa. Ulikuwa unaniona na redio yangu. Habari ikisomwa ya nchi fulani kupigana na fulani, nafungua Biblia kuitafutia kiti chake: hii imebarikiwa, ile imelaaniwa, ile nyingine ndiyo mfalme wa kaskazini, ngoja mtaona. Watu wazima walikuja dukani bila nguo ya kushona, kuniuliza tu nchi gani iko sura ya ngapi. Nilipenda hilo, sitakuficha. Nikawafundisha watoto wimbo wa kuitikia, nawe uliuitika kuliko wote. Nikisema, "Babeli?" mnajibu, "Imeanguka!" Nikisema, "Ninawi?" mnajibu, "Imetubu!" Nikisema, "Misri?" mnarukia juu wote, "Tumetoka!"

Basi ukaja na habari yako. Nilikuwa na pini mdomoni, nampima mwanamke mmoja kiuno, ukaingia unakimbia na simu mkononi. "Baba, nimepata! Ufadhili nimepata! Wananipeleka Misri!" Yule mwanamke, mshirika mwenzetu, akageuka na pini zote kiunoni, akasema, "Misri gani? Ile tuliyotoka?"

Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Mjomba wako Mafabi, mzee wa kanisa na mshika bahari wetu wa miaka yote, alikuja hata viatu hakuvua. "Shemeji, hii ni aibu. Mtoto ya Musa anarudi kwa Farao? Watu watatucheka mpaka Jinja." Mchungaji naye akaniita pembeni, akaniuliza kwa upole, "Fundi, sasa Pasaka tutasema nini?"

Nami nikakufanyia nilichokufanyia. Nikakwambia usubiri, Mungu atafungua nchi nyingine. Nilisema "Mungu", na niliyekuwa nikimlinda ni Musa wa jukwaani. Ulikuwa unamenya matoke. Hukuinua sauti. Ulisema, "Baba, mimi siendi kwa kitambaa yako. Naenda Misri. Huko kuna watu, wanalima mchanga, unaota. Mimi nataka kuona wanafanya namna gani." Ukaendelea kumenya.

Nilikasirika, mwanangu. Nilikasirika kwa sababu ulisema kweli kwa sauti ya chini, na kweli ya namna hiyo haina mahali pa kuishikia ukaitupa.

Nikaenda kwenye Biblia kutafuta fimbo. Nakwambia wazi: sikwenda kutafuta nuru, nilitafuta fimbo ya kukupigia. Nilisema nitasoma kila mahali penye jina la Misri, nitayakusanya, na nitakuwekea mezani. Fundi ana subira ya uzi. Nikasoma kila nilipopata nafasi, cherehani imezimwa, wateja wanalalamika. Na fimbo zilikuwepo, tena nyingi. Lakini kila nilipookota moja nilikuta chini yake kitu kingine. Nilimkuta Ibrahimu na njaa yake: alikimbilia wapi? Misri. Wana wa Yakobo watoto wao wanalia, nafaka ilikuwa wapi? Misri, ghalani kwa ndugu yao Yusufu. Nilimkuta Musa, Musa wangu, na nani aliyemtoa majini akamlea akamsomesha? Binti wa nyumba ileile niliyoitupia maganda. Nikafika kwa nabii Isaya, nimeshachoka, nikakuta Mungu anaitaja Misri, tena anawaita watu wake, na kuwabariki pamoja na Waashuri, adui juu ya adui, wote kwenye sentensi moja na Israeli. Nilifuta miwani nikasoma tena. Nilikuwa nimepita hapo miaka mingi bila kusimama.

Halafu nikafika kwa mtoto mchanga na Herode. Hapo nilifunga kitabu. Yule tunayemwimbia kila Jumapili alikuwa mkimbizi mgongoni mwa mama yake, kama mdogo wangu mgongoni mwa bibi yako, na mahali alipofika hawakukirudisha kikombe. Mahali hapo palikuwa Misri. Na yule mama naye aliitwa Mariamu. Nililia hapa dukani, na mteja aliyeingia nilimwambia ni vumbi la kitambaa.

Nilivuka barabara kwenda kwa Haji. Alikuwa barazani na chai yake.

"Fundi," akasema, "wanasema siku hizi unasoma tu, hushoni. Umepata nini?"

"Nimempata Yusufu."

"Yusufu hata sisi tunaye." Akanimiminia chai. Tukakaa.

"Haji, naomba kanzu."

Aliweka birika chini. "Ya Farao?"

"Ya Yusufu. Mariamu anakwenda Misri. Nataka Jumapili, pale mlangoni alipokuwa anakaa Farao, akae mtu anayefungua ghala. Na nimekuja kusema samahani kwa ile ya kwanza. Nilikuomba radhi kwa kitambaa chekundu cha Farao, sikukuomba kwa mdomo."

Alilichukua tena birika, akaniongezea chai niliyokuwa sijainywa. Kisha akasema, "Nabii sisi hatuigizi, fundi. Kwetu haifai. Na hiyo kanzu siwezi kupa mtu mwingine avae tena." Nikaweka kikombe chini niondoke. "Hiyo nitavaa mimi. Nitakuja kama Ramadhani, jirani yako. Ghala haitaki nabii. Inataka mtu iko na ufunguo."

Sasa Jumapili yenyewe ulikuwepo, lakini ulikuwa mbele, hukuona nilichokiona mimi. Acha nikuonyeshe.

Nilipowaambia kwamba leo, nje ya Pasaka, tutainua bahari, watu waligeukiana. Mchungaji aliniruhusu kwa kichwa tu, akakaa ukingoni mwa kiti chake. Wazee watatu walisimama wakashika pembe. Ya nne ilibaki sakafuni. Ilikuwa ya mjomba wako Mafabi, naye alikuwa kwenye benchi amekunja mikono, anaangalia dirishani kana kwamba nje kuna mpira. Upande mmoja wa bahari umeinuka, upande wa pili umelala. Nikajua kwamba bila yeye utatoka kwenye kanisa lililogawanyika, na utaibeba aibu hiyo mpaka huko. Hakuna aliyesogea.

Ndipo mama yako akatoka kwenye kwaya, na gauni lake la kwaya, akaiokota ile pembe. Akainyanyua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili. Kitambaa kikamfika mabegani.

Mjomba wako akavumilia. Akavumilia kidogo tena. Kisha akainuka, akapita katikati ya watu, akainyakua. "Leta hapa, dada. Wewe mfupi. Bahari itafunika mtoto."

Mariamu, kelele ile! Mabati yalitetemeka. Na Mafabi akiwa ameinua mkono, shingo imekaza, machozi yanamtelemka mpaka kwenye tai, na hawezi kuyafuta kwa sababu ameshika bahari.

Nikaweka fimbo ya Musa chini. Nilikuwa nimeandaa hotuba, ikanitoka kichwani yote. Nilichosema ni kwamba miaka yote niliwatoa, na leo namtuma. Nawe ukaanza kutembea kutoka madhabahuni kwenda mlangoni, upande ambao katika kanisa letu hakuna aliyewahi kuuvukia. Ulitembea umeinua kichwa. Nilikuona mgongo tu, na mgongo wako ni wa bibi yako mtupu.

Na mlangoni, Haji. Kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, kola yangu imekaa sawasawa, na mikononi ungo mkubwa wa karanga zilizokaangwa. Watoto, kwa mazoea yao, walikuwa wamekuja na maganda mifukoni. Niliona mkono mmoja ukijiandaa. Haji naye aliuona.

"Miaka yote mmetupa maganda," akasema, na sauti yake ile ikajaza kanisa. "Leo kuja. Kuleni karanga yenyewe."

Yaliyofuata unayajua. Hakuna aliyebaki Kanaani. Kanisa zima lilikufuata kupitia baharini, na vigelegele, na ngoma, mchungaji na viatu vyake vya kung'aa, mpaka uani, mpaka barabarani. Vijana wa bodaboda wakapiga honi bila kujua ni harusi au ni nini. Na yule mwanamke wa pini alikuwa wa kwanza kujaza kanga yake karanga. Nimeongoza Kuvuka tangu hujaingia shule, na sikuwahi kuiona bahari ikigawanyika hivyo.

Mawaidha sina mengi. Huko utakutana na Wakristo ambao mababu zao waliomba katika nchi hiyo kabla babu zetu hapa mlimani hawajasikia jina la Yesu, kwa hiyo usijitambulishe kama mtu aliyeleta habari. Utakutana na Waislamu wengi zaidi, na baadhi yao watakuwa akina Haji Ramadhani, ukiwapa muda wa kumaliza chai. Na wengine, nakwambia mapema ili usishtuke, wataiangalia ngozi yako na kukirudisha kikombe ndani. Siku hiyo itauma, na unaruhusiwa kulia. Ila yule aliyefunga mlango awe ni yeye mwenyewe tu, na jina lake. Usimpe nchi nzima. Mimi nilimpa Farao nchi nzima, na karibu inigharimu wewe.

Kesho tutapita Jinja. Dereva nimeshamwambia apunguze mwendo darajani, pale mto unapotoka ziwani kwenda Misri, akasema huwa hapunguzi, nikamwambia nina binti anayekwenda kule yanakokwenda maji yale, akasema basi atapunguza. Mimi nitaangalia upande wa kambini, nimwambie babu yako. Wewe angalia chini, majini. Kila nilipohubiri Misri kama nchi ya mbali, maji yale yalikuwa yakipita kimya pale nilikozaliwa kwenda huko, na hayakuniomba ruhusa. Kikapu cha Musa kilielea juu ya maji yaliyotoka kwetu. Sijui kwa nini imenichukua umri huu wote kulifikiria jambo rahisi hivyo.

Kitambaa cha bluu hakitabaki hapa. Mama yako hajui, nimekikunja na kukiweka chini kabisa ya sanduku lako, chini ya sweta, wakati alipokwenda kuteka maji. Akikigundua atasema kinakula nafasi ya vidonge. Pasaka ijayo nitatushonea kingine, na safari hii nitakishona bila upande wa Misri na upande wa Kanaani. Sijui bado kitakaaje. Haji anasema ana wazo, na mjomba wako Mafabi anasema wazo la Haji ni baya, na wanabishana kwenye benchi langu kila siku, na mimi nashona.

Nikuage na jambo la leo mchana, ulipokuwa sokoni. Watoto wa Shule ya Jumapili walikuja kukuaga, wakakukosa, wakajazana hapa mlangoni pa duka wakisumbua. Ili watulie nikawaanzishia ule wimbo wetu bila kufikiri. "Babeli?" Wakajibu, "Imeanguka!" "Ninawi?" Wakajibu, "Imetubu!" Na kabla sijajizuia lilikuwa limeshanitoka mdomoni: "Misri?"

Wakaruka juu wote, mdogo kuliko wote akiwa wa kwanza:

"Kwa dada Mariamu!"

Nenda, binti yangu. Nenda kwa shangwe.

Baba yako akupendaye,
Musa mstaafu